Vidonge vya wifi vimenipunguza, sasa naogopa vimenila ubongo

Assalaam alaykum Bibi,

Naandika usiku, watoto wameshalala na mimi usingizi sinao. Nina miaka 36, mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, mama wa watoto watatu. Bwana wangu anafanya kazi hoteli Nungwi, nyumbani anarudi mara moja kwa wiki.

Baada ya mtoto wa tatu nilifika kilo 94. Haya sikuona, kwetu mwanamke mwenye mwili huambiwa kanawiri. Kilichonitisha ni magoti, na marehemu baba, aliyekatwa mguu kwa sukari. Mwaka jana nikaenda kupima. Nikaambiwa sukari haijawa ugonjwa ila iko mlangoni, nipunguze mwili. Nikapunguza wali, nikaacha soda, nikawa narudi skuli kwa miguu. Miezi mitatu zikatoka kilo 3. Nikavunjika moyo.

Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa bwana, akanipa kopo. Yeye ni mjane, anauza mabuibui, manukato na vipodozi vinavyoletwa na wasafiri wa Dubai. Kopo lina picha ya majani na kiuno kilichozungushwa futi. Akaniambia ni mitishamba mitupu, inakata hamu ya kula na kuyeyusha mafuta. Vidonge 30, shilingi 45,000.

Sikudanganyi Bibi, vilifanya kazi. Nilikuwa napika wali wa nazi, naonja chumvi, nafunika, basi. Wenzangu wanakula mandazi mapumziko, mimi nayatazama kama mawe. Kwa miezi minne nimefika kilo 80.

Lakini moyo unanidunda nikiwa nimekaa kitako. Kinywa kikavu kutwa. Usiku nikipata usingizi wa saa tatu ni bahati. Nimekuwa mkali, juzi nilimfokea mwanangu wa kati mpaka akajificha nyuma ya kabati. Na nasahau. Nimesimama mbele ya darasa ninalolifundisha tangu Januari, jina la mtoto wa dawati la kwanza likanitoka. Nimeacha sufuria motoni nikapanda gari kwenda Darajani. Kisha mwalimu mwenzangu akanionesha video kwenye simu: ubongo wa mtu ni mafuta asilimia 60, na dawa za kukata hamu zikishamaliza mafuta ya tumbo hupanda kichwani. Tangu siku hiyo kila nikisahau kitu najiambia, ndiyo hivyo, unayeyuka.

Na si mimi peke yangu. Nimewauzia wenzangu wanne. Kila kopo wifi hunipa 10,000. Mmoja wao anakunywa dawa za presha. Wiki iliyopita alilalamika kichwa kinamgonga, nikamwambia anywe maji kwa wingi. Sijui kwa nini nilisema vile.

Nilimweleza wifi habari ya moyo. Akacheka, akasema ndiyo mafuta yanatoka. Kama naona tabu, yupo mtu wa Muscat atamletea sindano zile wanazotumia Wazungu. Yeye mwenyewe anavitumia, amepungua kunishinda, na nguvu anazo: hata saa nane za usiku anatuma picha za makopo kwenye kundi la WhatsApp. Bibi, huyu si mtu mbaya. Nilipojifungua kwa upasuaji, bwana hana kazi, ni yeye aliyeuza bangili yake ya dhahabu nikatoka hospitali.

Bwana hajui kitu. Pesa za makopo mawili ya mwanzo nilizichota katika za sare za watoto. Nikiacha, nitarudi kilo 94, na harusi ya shemegi yangu ni Mfunguo Tatu. Nikisema, nimemvunjia mjane riziki yake. Nikinyamaza, yule wa presha sitamtazama usoni. Na huu ubongo wangu, je, unarudi?

Mwenye Kopo, Unguja

---

Waalaykum salaam mwanangu Mwenye Kopo,

Nilikuwa nimepanga nianze na ubongo, maana najua hutasikia jengine mpaka nikujibu hilo. Lakini liko moja halisubiri. Kidonge cha kesho asubuhi usikimeze kabla hujaonwa na daktari, na mwenzako wa presha aambiwe leo hii asimeze kidonge cha kopo, aende akapimwe. Nimekaa wodini miaka 26, kichwa kinachogonga kwa mtu wa presha sikichezei. Mengine yote tutazungumza taratibu.

Haya, ubongo. Aliyetengeneza ile video ameokota neno la kweli akalijengea nyumba ya uongo. Ni kweli ubongo una mafuta mengi: ukiukausha maji yake, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Lakini wewe ni mtu wa Unguja, umeziona nyumba za Mji Mkongwe. Ukuta wake ni mawe na chokaa. Uani kuna kuni. Kuni zikiisha, mwenye nyumba anakosa moto wa kupikia, lakini hendi kubandua chokaa ukutani akaitia jikoni. Mafuta ya tumboni na mapajani ni kuni. Mafuta ya ubongo ni chokaa: ndiyo yaliyojenga ngozi ya kila seli, ndiyo yaliyozungushwa kwenye nyuzi za neva ili habari zipite kwa kasi. Hata mtu aliyekaa na njaa ya muda mrefu, mwili hula kuni, na nyama za misuli pia, na ule ukuta huulinda. Hakuna kidonge cha kukata hamu kinachofanya kazi kwa kuyeyusha mafuta ya kichwani. Kwa hakika hata ya tumboni hayamiminiki kama samli juani. Hupungua kwa sababu umekula kidogo, basi mwili ukachoma akiba.

Hata hivyo mafuta na ubongo yana mazungumzo yao, na haya ndiyo yangekufaa badala ya ile video. Chini ya ubongo kuna kipande kidogo kiitwacho haipothalamasi. Hicho ndicho karani wa ghala. Seli za mafuta hutoa homoni inayoitwa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman kule New York, na kazi yake ni kumpelekea karani habari: akiba ipo. Mwili ukipungua, leptini hushuka, karani anashtuka, anapiga ngoma ya njaa. Halafu ndani ya karani mwenyewe mna hesabu nyengine. Mwaka 2000 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, waliwapa panya dawa waliyoiita C75, inayozuia mwili kutengeneza mafuta mapya. Malighafi yake, malonili koenzaimu A, ikarundikana kwa kukosa kazi, na haipothalamasi ikausoma mrundikano ule kama ghala lililojaa. Panya wakasusa chakula na wakakonda. C75 haikufika kuwa dawa ya binadamu, lakini ilionesha kwamba kule haipothalamasi habari za mafuta zinasomwa kama barua. Dawa za kukata hamu kwa kawaida hufanya kazi kwa kuingilia barua zinazofika ubongoni. Swali ni nani kaziandika, na ameandika nini jengine humo.

Hapo ndipo kopo lako linaponitia wasiwasi. Moyo kudunda, kinywa kukauka, usingizi kuruka, hasira za ghafla: majani ya picha hayaleti mkusanyiko huo kwa urahisi. Iko dawa iitwayo sibutramini. Ilikuwa halali, ikiandikwa na madaktari Marekani na Ulaya. Huzifanya kemikali mbili za neva, serotonini na noradrenalini, zikae muda mrefu zaidi kati ya neva na neva, mtu akashiba upesi, na papo hapo moyo na presha vikapanda. Walipowafuatilia karibu watu 10,000, wengi wao wana maradhi ya moyo au sukari, walioitumia walipatwa na shtuko la moyo na kiharusi zaidi ya wenzao. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni huko. Ikaondoka kwenye maduka ya dawa ikahamia kwenye makopo ya mitishamba. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta mara nyingi ndani ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni vya asili. Kama imo ndani ya lako, hilo litajibiwa na maabara, wala si na macho yangu au ya wifi yako.

Na kusahau? Mwanangu, hebu hesabu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake mtu akiwa ametulia. Wewe humpi chakula, na usiku unampa usingizi wa saa tatu, miezi minne. Ningekuwa mimi ningesahau jina la mwanangu mwenyewe, sembuse la mtoto wa dawati la kwanza. Uchovu wa namna hii kwa kawaida hurudi nyuma mtu akilala na akala, na hilo ndilo tumaini ninaloliona katika barua yako. Daktari lakini akuangalie moyo, presha, damu na tezi ya shingo, maana kusahau kuna milango mingi na mimi niko mbali.

Sasa niruhusu nikuulize kitu ulichokipita haraka. Unasema kilo 3 kwa miezi mitatu, ukavunjika moyo. Kwa nini? Nani alikwambia ni kidogo? Mwaka 2002 Marekani ilitolewa taarifa ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa pale pale ulipo wewe, sukari mlangoni. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Walioingia kwenye ugonjwa walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na walioachwa na kidonge kisicho na dawa. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kama 6 na nusu. Ulikuwa unakaribia nusu ya safari, kwa miguu yako, kwa wali uliopunguza mwenyewe. Hukushindwa. Uliteremka gari katikati ya njia kwa sababu hapakuwa na kibao cha kukwambia umefika wapi.

Hofu ya kunenepa tena naielewa, na siyo ya bure. Ukiacha vidonge njaa itarudi, na itarudi na kelele, kwa sababu yule karani anaona ghala limepungua kilo 14. Hiyo si tamaa wala udhaifu wa imani. Huenda zikarudi kilo kadhaa. Lakini kati ya 80 na 94 kuna nafasi kubwa, na magoti yako hayakuomba 80.

Kuhusu sindano ya Muscat. Hiyo ni habari nyengine kabisa na kopo, na sitaki uitupie kapu moja. Semaglutaidi ni dawa ya kweli, huiga homoni ya utumbo inayowaambia ubongo na kongosho kwamba chakula kimeingia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa wiki 68, na waliopewa dawa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Kwa baadhi ya watu imekuwa rehema. Lakini walipoiacha, baada ya mwaka mmoja theluthi mbili ya kilichotoka kilikuwa kimerudi. Inaanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa mwezi hadi mwezi, chini ya daktari, maana kichefuchefu na kutapika kwake si mchezo. Na kabla haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ile ya mkobani, iliyopanda ndege ikashuka na jua letu, hujui imebaki na nini, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo la semaglutaidi za bandia. Ukitaka njia hiyo, mlango wake ni daktari wa sukari. Muulize waziwazi: inanifaa? naweza kuimudu kwa mwaka, kwa miaka? nikiiacha je? Mshahara wa mwalimu naujua.

Nimefika kwa wifi yako, na hapa kalamu yangu inakwenda polepole.

Umemwandika kama muuzaji na kama mfadhili, na kati ya hao wawili umekwama. Mimi nimemwona mtu wa tatu ndani ya barua yako. Mwanamke aliyepungua kukushinda, anayetuma picha saa nane za usiku. Wewe umeita nguvu. Mimi niliyewahi kukesha na wagonjwa naona mtu asiyelala, kama usivyolala wewe. Huenda moyo wake nao unadunda, na hana wa kumwambia kwa sababu kila mtu anamnunulia. Umewahi kumuuliza?

Kama nia yako ni kusema naye, kuna tafauti kati ya kwenda na mashtaka na kwenda na kipimo. Unaweza kumwambia, dada, mimi nakwenda kupima presha, twende wote. Hatari yake ni kwamba acheke tena, au aone unamzungukia, na bado kundi la WhatsApp linaendelea kuuza wakati nyinyi mnazungumza. Unaweza kumrudishia makopo kimya kimya na kumwambia umeacha. Itakuokoa na ugomvi, ila wale wanunuzi wengine wa kundi hawatajua lolote. Unaweza pia kwenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao ndiyo kazi yao, wakalichunguza kopo. Hapo najua unachokiogopa, mjane kuingia matatani kwa mkono wako wewe, ambaye aliuza bangili yake kwa ajili yako. Lakini fikiria na upande wa pili: yeye si mtengenezaji, naye kauziwa. Mtu akianguka kwa kopo lake, matata yatamkuta makubwa kuliko hayo, na bangili haitatosha. Ipi uitangulize, wewe ndiye unayemjua moyo wake, na ndiye utakayekaa naye kwenye jamvi la harusi. Na riziki yake si makopo peke yake, mabuibui na manukato yapo, hilo mnaweza hata kulizungumza kama biashara.

Wenzako wanne ni wako, hao siwezi kukupa njia ya kando. Uliuza kwa kuamini, na ulimwambia yule anywe maji kwa sababu uliogopa jibu jengine. Kuwaambia kutakugharimu, pengine mmoja atadai pesa yake na mwengine atasema maneno chumba cha walimu. Wengine huona rahisi kusema na kila mmoja peke yake, wengine huwaita wote mara moja wasilirudie mara nne. Lile neno "mimi mwenyewe nilitumia, na haya ndiyo yaliyonipata" lina uzito ambao daktari hana.

Bwana wako nimemwacha nyuma si kwa kumdharau. Mtu anayerudi mara moja kwa wiki huona mabadiliko kuliko anayekaa nawe kila siku, kwa hiyo sidhani kama hajui kitu, huenda hajui jina lake tu. Ukimweleza, unapata wa kukusindikiza hospitali na wa kusimama kati yako na dada yake. Unaweza pia kupata mtu aliyekasirika akampigia dada simu kabla wewe hujafika kwake, na hapo mambo yakawa ya ndugu na ndugu, wewe katikati. Baadhi ya wanawake niliowasikiliza walianza na wifi, wakampa bwana habari ikiwa imeshatulia. Wengine walisema siri ya pesa za sare ndiyo iliyokuwa inawala zaidi ya vidonge, na walipoitoa hiyo usingizi ukaanza kurudi. Ipi ya kwako?

Ule usiku usioisha, kabla hujajua la kufanya, kula kitu. Hata boflo na chai ya maziwa. Ukiona moyo unakwenda mbio ukiwa umelala, au kifua kinabana, au upande mmoja wa mwili unalegea, usingoje alfajiri wala gari la watu, mwamshe jirani.

Na lile kopo usilitupe, najua mkono utakuwasha. Vidonge vilivyobaki viache humo humo, vihesabu, andika kwenye karatasi ulianza lini na ulikuwa unameza vingapi, tia vyote katika mfuko mmoja na ufunge. Ukifika kwa daktari uweke mezani kabla hata hujakaa. Atakuuliza maswali mengi, na mengine majibu yake yamo mle.